Maharage Yangu Yanayougua

Limi mwanangu,

Sikuulizi hujambo, maana nakusikia. Uko kwa Nyamizi, ng'ambo ya zizi, umekaa chini katikati ya magoti yake anakusuka nywele za safari ya kesho, na mnacheka. Mnacheka tangu asubuhi. Sijui kuna kitu gani cha kuchekesha namna hiyo kwenye kichwa cha mtu. Mimi niko jikoni kwangu, maji nimeyabandika, na mbele yangu kuna ungo. Juu ya ungo kuna ule mfuko wa kitambaa alioniletea Nyamizi, mke mwenzangu, leo asubuhi. Aliushika kwa mikono miwili, akapiga goti, akasema, "Dada, hizi ndizo mbegu alizoniomba Limi. Mfungie wewe kwenye begi, mimi nitasahau."

Utauliza kwa nini nakuandikia barua na simu ninayo, tena ile uliyoninunulia mwenyewe. Nitakuambia. Ukinipigia, ukishaniamkia tu unauliza kama mama mdogo yuko karibu. Nikisema yuko, unasema weka sauti kubwa, asikie na yeye. Kila mara hivyo hivyo. Tangu ulipokwenda kusoma Mwanza sijapata maneno yako peke yangu hata mara moja. Basi barua hii haina sauti kubwa, ni yako na mimi tu.

Wala sitakuandikia habari za kufunga mlango, kula kwa wakati na kutoazimisha watu nguo. Hayo unayajua, na yale usiyoyajua ameshakufundisha yeye.

Umeona? Sijaandika hata ukurasa nimeshamchokoza. Acha nilitaje neno lenyewe lisije likanikaa kooni barua nzima: nina wivu. Nina wivu na Nyamizi. Si wivu wa mume, huo uliisha zamani, baba yako mwenyewe siku hizi analala mapema kuliko kuku, tugombanie nini. Ni wivu wa kwako wewe. Na tangu ulipoanza utafiti wako umeniongezea mwingine ambao sikuwahi kufikiri mwanamke mzima anaweza kuwa nao, wivu wa maharage.

Mimi si mtu wa maharage kwa kuzaliwa, unajua. Kwetu Maganzo ni pakavu. Tulilima choroko, dengu na mtama, na babu yako mzaa mama alikuwa mtu wa almasi. Nasema wa almasi, lakini kazi yake hasa ilikuwa kuchagua. Wenzake walichimba changarawe, wakaiosha na kuichekecha, kisha wakampelekea yeye. Aligeuza chekeche juu ya gunia, akaanza kuchokonoa lile rundo kwa kipande cha bati, na mimi nimekaa pembeni yake. Alinifundisha jicho. Aliniambia jiwe zuri linajionyesha lenyewe, mengine yote yasukume kando, usiyatazame mara mbili. Nikawa na jicho kali kuliko lake. Wanunuzi wa pale barabarani walikuwa wakimtania kwamba watamwoa binti yake kwa ajili ya jicho tu.

Jicho hilo ndilo nililokuja nalo huku Runzewe nilipoolewa na baba yako. Bibi yako mzaa baba alinikabidhi kibuyu cha mbegu ya nyumba hii, ndivyo desturi yao ilivyo: mke wa kwanza anapewa na mama mkwe, na mke atakayekuja baadaye anapewa na yule wa kwanza. Nilipokimimina nilishtuka. Maharage ya kila namna, mekundu, ya njano, ya madoadoa, mengine madogo meusi yenye mstari mweupe mgongoni, mengine hata rangi yake sikuweza kuitaja. Nikasema moyoni, mama huyu ananidharau, amenipa makombo. Kumbe wote walilima hivyo, mchanganyiko, na hakuna aliyeona kasoro.

Mimi niliona. Kila baada ya mavuno nilikaa na ungo nikafanya kama Maganzo. Makubwa mekundu yanayong'aa nikayaweka mbegu, mengine nikayasukuma kando, tukala sisi au wakala kuku. Baada ya misimu michache shamba langu likawa la rangi moja. Hukuyaona yale maharage enzi zake, ulikuwa hujazaliwa. Wanawake sokoni waliyachota mkononi wakayamwaga, wakayachota tena. Wanunuzi wanaopeleka chakula machimboni Geita walikuja mpaka mlangoni hapa, kwa sababu mchimbaji anataka haragwe kubwa linaloiva haraka, kuni kule ni shida. Nyumba hii unayoiona imeezekwa bati, iliezekwa na maharage yale. Nilikuwa natembea nimeinua shingo, na nilikuwa na haki.

Halafu baba yako akamleta Nyamizi.

Msumbwa wa huku huku, mwembamba, mpole, anacheka mkono mdomoni. Desturi ikanidai nimpe mbegu. Nimpe yale mekundu yangu? Thubutu. Nilizoa yale niliyoyasukuma kando msimu ule, madogo, meusi, ya mistari, yaliyokunjamana, nikamtilia kwenye kopo na kumkabidhi mbele ya mashemeji. Akapokea kwa mikono miwili, akapiga goti, akashukuru. Nilipoingia ndani nilicheka mpaka nikashika mbavu. Wala sikuandikii haya ili nitubu. Nakuandikia ujue jambo ambalo hakuna aliyekuambia, maana anayelijua ni mimi tu: zile mbegu za ajabu za mama yako mdogo, zile ambazo yule Dokta wako wa utafiti alizipanga juu ya karatasi nyeupe akazipiga picha kana kwamba ni almasi, zimetoka kwangu. Mimi ndiye niliyezitupa, kwa hiyo ni zangu.

Ulipoanza kutembea ndipo kutu ya maharage ilipoingia. Ilianza kwa vidoa vya kahawia chini ya majani, vidogo, ungedhani vumbi la barabarani. Baada ya muda nikipita shambani sketi inatoka na unga wa kahawia hadi magotini. Majani yakakauka, yakadondoka kabla maganda hayajajaa. Kwa kuwa maharage yangu yote yalikuwa ya aina moja, lililoweza kumpata mmoja liliwapata wote, na nilibaki na mbegu ya kujaza bakuli. Kwa Nyamizi, shamba la jirani tu, shina moja limekufa na la pili limesimama. Lilikuwa na mapengo kama mdomo wa mtoto anayeng'oa meno, lakini lilivunwa. Akawa ananiletea bakuli la maharage kila jioni. Hakuwahi kusema neno. Laiti angesema, ningepata pa kumrukia.

Mtu mwenye jeuri yangu hawezi kula maharage ya mke mwenzake kila siku. Nikafunga sufuria zangu, nikaenda machimboni Geita kupikia wachimbaji. Wewe nilikuacha kwa Nyamizi, ambaye hakujaliwa mtoto wake, kwa sababu kule ni mashimo na zebaki na kelele za karasha zinazosaga mawe, si mahali pa kulea. Nilisema msimu mmoja. Unajua mwenyewe haukuwa mmoja. Kila nikitaka kurudi, duara fulani, shimo la wachimbaji, linaanza kutema, dhahabu inatoka, watu wanaongezeka, na mimi naongeza sufuria. Nilikuwa najiambia nakutafutia maisha. Kwa kiasi fulani ni kweli. Kiasi kingine ni kwamba sikutaka kurudi mikono mitupu, Nyamizi anione.

Niliporudi nilikuletea viatu vyekundu. Nilivinunua kwa kukumbuka mguu, na mguu ulikuwa umekua. Ukaniamkia shikamoo ile ya kumwamkia mgeni, kisha ukajificha nyuma ya sketi yake. Wiki hiyo hiyo kulikuwa na mkutano wa wazazi shuleni. Mwalimu akaita, "Mama Limi," nikasimama. Akanitazama, akatazama nyuma yangu, akasema, "Hapana, namwita Mama Limi yule pale." Nyamizi alikuwa amekaa ukutani, kichwa ameinamisha, mkono mdomoni. Watu wakanihurumia, jambo ambalo mpaka leo sijawasamehe.

Hapo ndipo nilipofanya lile ambalo nadhani unalikumbuka kidogo. Niliziba njia ya pale zizini kwa matawi ya miiba. Nikasema chakula chako ni kwangu, malazi kwangu, ng'ambo usivuke. Na Nyamizi, pamoja na upole wake wote, safari hiyo alikataa kuwa mpole. Alikuwa anakuita kwa nyuma ya zizi, anakupa ugali na nsansa, anakwambia usimwambie mama. Mimi nikinusa ile mboga ya majani ya kunde mdomoni mwako, nakupiga maneno. Yeye akikuta umelia, anakuuliza mama amekufanya nini. Kwangu ukaacha kula kwa sababu yake, kwake ukaacha kula kwa sababu yangu. Ukakonda, ngozi ikawa ya kijivu, ukawa unasinzia darasani. Nikakupeleka zahanati. Walikupima malaria, wakakupima minyoo na damu, hawakuona kitu. Muuguzi, mama mtu mzima, akanitazama juu ya miwani akauliza, "Huyu mtoto ana mama wangapi?"

Niliona amenitukana. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nampangia majibu. Lakini nilipofika niliivuta ile miiba nikaichoma moto, na siku ile ukavuka ukala huko, ukarudi ukala na huku. Hilo liliishia hapo. Sikuwahi kulizungumza na Nyamizi wala yeye na mimi.

Sasa nikuambie kwa nini nalitaja. Likizo iliyopita ulikaa hapa hapa kwenye kigoda, tunapukuchua maharage, ukaanza kunieleza kazi yenu. Mwanzoni nilisikiliza kwa nusu sikio. Uliniambia mmea hauna miguu ya kukimbia ugonjwa, basi una walinzi, wamo ndani ya vinasaba vyake, na kila mlinzi anaijua sura ya adui mmoja tu. Kutu ikiingia na sura ile, mlinzi anapiga kelele, na ile sehemu ndogo ya jani inajifisha yenyewe ili kutu ikose pa kula. Lakini kutu inabadilika sura. Siku ikija na sura nyingine, mlinzi anaitazama ikipita kama mpitanjia. Nikakuuliza, sasa mmea unapata wapi mlinzi mpya? Ukasema haumtafuti. Mara moja moja, katika kuzaana, mlinzi wa zamani ananakiliwa, wanakuwa wawili. Mmoja anaendelea na kazi. Yule wa pili, kwa kuwa kazi yake ina mtu, anaharibika kidogo kidogo kizazi baada ya kizazi bila kumdhuru yeyote. Wengi wa namna hiyo wanapotea bure. Mmoja kati yao akiharibika vizuri, unakuta anamtambua adui ambaye wa kwanza hamjui.

Na wanakaa kwa makundi, ulisema, wamebanana mahali pamoja kama wake wa mzee mmoja. Nikauliza kama wanagombana. Ukacheka ukasema, "Wakati mwingine sana, mama."

Ndipo ukanieleza lile ambalo halijanitoka. Ulisema haragwe, huko mbali lilikotokea, lilifugwa na watu sehemu mbili tofauti, na ndiyo maana kuna koo mbili, moja ya punje kubwa kama zangu na moja ya punje ndogo kama zile nyeusi za Nyamizi. Kila ukoo ulikua na maadui wake ukajitengenezea walinzi wake. Mkizioanisha hizo mbili mnatarajia mtoto mwenye ukubwa wa huku na kinga ya kule. Lakini baadhi ya ndoa hizo zinazaa mtoto aliyedumaa, majani ya njano, anajikunja, na mkimpima hana ugonjwa wowote. Walinzi wa mama na walinzi wa baba wamekutana kwenye mwili mmoja, hawajuani, wanadhani adui ameingia. Wanapiga kelele mchana na usiku, na kinachoungua ni mtoto. Ulisema, "Si kwamba mmoja ni mbaya, mama. Kila mmoja kwao alikuwa mlinzi mzuri."

Wewe uliendelea kupukuchua. Mimi nilisimama nikajifanya naangalia moto. Sijui kama ulikusudia. Nadhani hukukusudia, wewe mambo ya zahanati ulikuwa mdogo. Lakini nililiona lile tawi la miiba waziwazi kuliko ninavyouona ungo huu.

Usidhani nililainika. Siku ile ile ulinieleza kwamba kwenye mashamba ya majaribio lazima kila baada ya mistari kadhaa mpande maharage dhaifu, yale yanayojulikana kabisa kwamba yataugua, ili yalete ugonjwa shambani. Kama hayo hayakuugua, basi ugonjwa haukuja, na hamwezi kujua nani amepona kwa nguvu zake na nani kwa bahati. Nikauliza mnatumia yapi. Ukajibu bila hata kuinua macho kwamba mnatafuta kama yale yangu mekundu. Nilinuna mpaka ukarudi Mwanza. Maharage yaliyoezeka nyumba yamekuwa ya kualika wagonjwa.

Kisha Dokta wako akaja. Mwanamke mwenye viatu vya mpira na kofia, mtu wa adabu, alinisalimu vizuri, sina la kumsingizia. Nilikuwa nimelipulizia shamba langu dawa, lina kijani cha kupendeza. Akalipita kama halipo, akaenda kupiga magoti kwa Nyamizi. Anafunua jani, anatazama chini yake, anafunua lingine, anachukua machache ya kukausha. Mimi nimesimama kwenye mpaka nimeshika kiuno. Nikamsikia anakuuliza, "Ndiyo shamba ulilokulia hili?" Ukamjibu, "Ndiyo, ni la mama." Hukusema mama mdogo. Ukaonyesha kwa mkono shamba la Nyamizi ukasema mama, na mimi nipo, hatua chache nyuma yako.

Hukunisikia nikiondoka. Sikuwahi kukuambia kwamba nilikusikia, na leo ndio nakuambia. Iliniuma, Limi, na bado inaniuma.

Dokta aliahidi mbegu zitachukuliwa zikikauka, na kwa habari ya shamba lile ukapata nafasi yako ya kuendelea na masomo Morogoro. Unajua kilichofuata: ng'ombe wa watu waliingia kwa Nyamizi kabla ya kuvuna, wakala, wakakanyaga. Alichookota amekileta leo. Nilimuuliza amebakiza kiasi gani. Akasema, "Nimetoa zote, dada. Limi atazirudisha zikiwa nyingi." Akaondoka kwenda kukusuka, akaniachia mimi mfuko. Hebu fikiri, mimi.

Kwa hiyo hiki ndicho nilichokuwa nacho mbele yangu wakati naanza barua hii: mbegu zote zilizobaki duniani za aina ile, kwa tunavyojua, na sufuria ya maji yanayochemka. Nilikuwa nimeyabandika kwa ajili ya chakula cha kukuaga, Mungu ni shahidi. Lakini maji yalipoanza kutokota niliufungua ule mfuko nikaumimina kwenye ungo, na jicho langu la Maganzo likayatambua yote. Yule mwekundu mdogo. Yule wa madoa. Yule mweusi wa mstari mweupe. Mbegu za kibuyu cha mama mkwe, ambazo nilizihukumu takataka, zimekaa zinanitazama. Nikachota konzi. Haragwe likichovywa kwenye maji ya moto halioti tena. Ningezichovya kidogo tu, nikazianika, nikazifunga kwenye kitambaa kile kile. Ungepanda Morogoro, ungesubiri, ungesema labda zilikuwa kuukuu. Hakuna ambaye angejua, na Dokta angerudi kutafuta mashamba mengine. Nilishika konzi ile muda mrefu kiasi kwamba mvuke ulinilowesha mkono.

Moja nilidondosha. Nakuambia ukweli, moja, ile nyeusi yenye mstari. Nikaitazama inazunguka peke yake mle kwenye maji. Huko kwa Nyamizi mkacheka tena, na katika kucheka kwako nikasikia umeanza kukohoa, kile kikohozi chako cha mtu aliyecheka na chakula mdomoni. Maana yake anakulisha. Anakusuka na anakulisha, wewe mwanamke mzima. Nikakumbuka ile ngozi ya kijivu. Nikarudisha konzi kwenye ungo, punje moja moja, nikaangalia isije ikabaki hata moja katikati ya vidole.

Ile moja niliiacha ikaiva, nimeila. Ni tamu. Ni tamu kuliko zangu, jambo ambalo halikunifurahisha hata kidogo.

Sina somo la kukupa katika hili, wewe ndiye mwenye kusoma. Ninachokijua ni kwamba utakuwa na wivu huko uendako. Utaona mwenzako amependwa na Dokta kuliko wewe, au mwanamume unayempenda anataja jina la mwanamke mwingine kwa sauti fulani. Usijidanganye kwamba huna, umetoka tumboni mwangu. Ulinieleza kwamba mlinzi anakula, mmea unaolinda mchana na usiku hautoi maganda. Mimi miaka yangu mingi nimelinda. Nimekulinda wewe usichukuliwe na mtu ambaye hakuwa anakuchukua, alikuwa anakulisha. Na hata sasa nikiandika hivi moyo unaniambia, lakini alikubali kuitwa Mama Limi pale ukutani. Basi unaona. Wivu haujaisha. Nimeuketisha tu.

Kuhusu kuchagua, jicho la babu yako unalo, nimeliona. Tofauti ni kwamba yeye alichagua mawe, na mawe hayaugui. Mimi nilichukua kazi ya mawe nikaifanya kwa vitu vilivyo hai, na hakuna aliyenikataza kwa sababu kila mtu alipendezwa. Ukiwa na madaraka ya kusukuma vitu kando, visukume, ndiyo kazi, lakini mpe mtu avitunze, hata kama unampa kwa ubaya kama nilivyompa Nyamizi.

Sasa sikiliza. Ndani ya begi, upande wa viatu, utakuta mifuko miwili. Ule wa kitambaa cha bluu ni wake, zimo zote, imepungua moja na unajua iko wapi. Mahali pa kuandika ametoa nani, andika jina la Nyamizi, jina lake na la baba yake, yote mawili, kwa herufi kubwa. Nilikuambia ni zangu na ni kweli zilipita kwangu. Lakini kama zingebaki kwangu zingekwisha tumboni mwa kuku, kwa hiyo andika la kwake.

Mfuko wa pili ni mekundu yangu. Hayo usiyaandikie jina, yatajulikana yakiugua. Yapande jirani na yake, karibu kabisa, yaalike hiyo kutu yote ya Morogoro. Kama mnahitaji wa kuugua ili mwingine ajulikane ni mzima, basi msitafute mbali, mama yako anayo. Na siku mtakapoyaoanisha hayo mawili, kama atazaliwa mtoto wa njano anayejikunja, usiwalaumu wazazi wake. Jaribu tena na punje nyingine. Ulisema si ndoa zote zinazozaa hivyo.

Yaliyobaki ya mekundu nimeyatia kwenye sufuria, yanaiva sasa hivi. Leo tunakula hapa kwangu wote, na nimeshamtuma mtu amwambie Nyamizi asipike. Nasikia mmenyamaza, bila shaka anafunga ncha za mwisho. Nitakunja barua hii niiweke chini ya ile mifuko kabla hujavuka zizi.

Ombi langu ni moja. Siku mekundu yangu yatakapotoka kidoa cha kwanza, na ya Nyamizi jirani yake yamesimama na kijani chake, unipigie simu. Unipigie mimi kwanza, Limi, si yeye. Niambie mimi kwanza.

Sauti kubwa nitaiweka mwenyewe.

Mama yako